Mtoto wa Aceh na Mlango Uliofunguliwa Lisbon

Katika nyumba nyingi mpira wa miguu huingia kama mgeni asiyebisha hodi. Baba na wavulana hukaa mbele ya televisheni, chakula kikapoa mezani, na mama akangoja kipenga cha mwisho ndipo apate kusikilizwa. Kesho yake jezi zenye matope zimo ndani ya beseni, na mwenye sabuni mkononi ni yuleyule mama. Ndiyo maana wengi wetu tumezoea kusema, "Mpira si mambo yetu."

Leo nawaalika, akina mama wenzangu, tusafiri pamoja kwa ajili ya jezi moja. Ilivaliwa na mtoto wa miaka saba aliyeishi mbali sana na timu aliyoipenda. Safari yetu itaanzia Banda Aceh, nchini Indonesia, na kuishia Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwendo wa karibu kilomita 11,000. Njiani tutakutana na klabu maarufu ya mpira, lakini habari yenyewe si ya magoli. Ni habari ya namna watu wazima wanavyoweza kumtendea wema mtoto wa wengine bila kumnyang'anya kile kidogo alichobakiwa nacho.

Mji ulio kwenye ncha ya kisiwa

Chukua ramani ya shule ya mtoto wako, uitazame Bahari ya Hindi. Upande wetu wa magharibi utaona Mombasa, Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Vuka bahari yote kwenda mashariki, na utakutana na kisiwa kirefu kiitwacho Sumatra. Kwenye ncha yake ya kaskazini ndipo ulipo mji wa Banda Aceh. Basi watu wa huko ni majirani zetu wa ng'ambo. Bahari inayopiga pwani yao ndiyo hiyohiyo inayopiga pwani yetu.

Wengi wa wakazi wa Aceh ni Waislamu, na jimbo lao hujulikana kwa jina la Baraza ya Makka. Katikati ya mji umesimama Msikiti wa Baiturrahman, wenye kuta nyeupe na makuba meusi. Mwanamke mgeni anayetaka kuingia katika viwanja vyake hutakiwa kujifunika kichwa na mwili kwa heshima, jambo ambalo halimpi shida mama wa pwani yetu aliyezoea kutembea na leso yake. Nje ya msikiti, mji una sifa ya kahawa inayotoka milimani na tambi zilizopikwa kwa viungo vikali. Ni mji wa watu wanaopenda kukaa na kuzungumza.

Hata hivyo, mgeni hawezi kuzunguka siku nzima bila kukutana na kumbukumbu ya Jumapili moja. Tarehe 26 Desemba 2004, siku moja baada ya Krismasi, karibu saa mbili asubuhi, wakati watoto wengi walikuwa nyumbani kwa sababu ya mapumziko, ardhi ilitetemeka kwa nguvu ya kutisha. Wataalamu walilipima tetemeko hilo kuwa na ukubwa wa 9.1. Haikupita hata nusu saa, bahari ikauingia mji. Mawimbi hayo, ambayo dunia nzima sasa huyaita tsunami, yaliua watu wapatao 230,000 katika nchi 14. Zaidi ya 160,000 kati yao walikuwa wa Indonesia, na Aceh ndiyo iliyopigwa kuliko mahali pengine popote.

Sisi wa Afrika Mashariki tulikuwa mbali, lakini hatukusalimika kabisa. Baada ya saa kadhaa maji yaliyosukumwa kutoka huko yalifika kwetu. Somalia ilipoteza watu karibu 300. Tanzania nayo ilizika watu, wakiwamo vijana waliokwenda kuogelea baharini karibu na Dar es Salaam siku ile ya sikukuu. Tunapozungumza juu ya msiba wa Aceh, tunazungumza juu ya bahari yetu wenyewe.

Mpaka leo yapo mambo mawili ambayo kila mgeni wa Banda Aceh hupelekwa kuyaona. La kwanza ni meli ya kuzalisha umeme yenye uzito wa tani 2,600, ambayo maji yaliibeba kutoka pwani na kuitua katikati ya makazi ya watu, kilomita kama mbili au tatu kutoka baharini. La pili ni mashua ya wavuvi iliyokaa juu ya paa la nyumba katika mtaa wa Lampulo. Watu 59 walipanda ndani ya mashua hiyo, wakapona. Huko Ulee Lheue na Siron yapo makaburi ya pamoja, viwanja vya majani mabichi visivyo na majina juu ya kila mtu. Ndugu huja kuomba dua bila kujua ni sehemu gani hasa amelala mtu wao.

Jezi namba 10

Kati ya watu waliochukuliwa na maji alikuwamo mtoto mmoja mwanamume aitwaye Martunis. Alikuwa na umri wa miaka saba. Mama yake na ndugu zake walikufa. Yeye alibaki peke yake katika eneo la pwani lililojaa matope na mabaki ya nyumba, akiishi kwa kula tambi kavu alizookota na kunywa maji aliyoyapata humo humo. Katikati ya Januari 2005, karibu wiki tatu baada ya mawimbi, watu walimkuta akiwa hai, amekonda, mwili umejaa alama za kuumwa na mbu. Waandishi wa televisheni ya Uingereza walikuwapo, na picha zake zikaenda dunia nzima.

Katika picha zile kila mtu aliona kitu kimoja. Mtoto yule alikuwa amevaa jezi ya timu ya taifa ya Ureno, namba 10 mgongoni, yenye jina la mchezaji Rui Costa.

Ili tuelewe kwa nini jezi hiyo iliwagusa Wareno, tukumbuke yaliyotokea miezi michache nyuma. Mwaka ule wa 2004 Ureno ndiyo iliyoandaa mashindano ya mataifa ya Ulaya. Timu yao ilifika fainali, na tarehe 4 Julai ikafungwa na Ugiriki bao moja kwa bila, mjini Lisbon, mbele ya watu wake wenyewe. Nchi nzima ilihuzunika. Sasa, nusu mwaka baadaye, Wareno walifungua televisheni wakaona kwamba upande wa pili wa dunia alikuwapo mtoto aliyekuwa shabiki wao, na kwamba alikaa na jezi yao mwilini katika siku zile zote za kutisha.

Mama yeyote anajua kwamba nguo ya mtoto si kitambaa tu. Ukiokota shati la mwanao sakafuni unamwona yeye. Nadhani Wareno wengi walipata hisia ya namna hiyo. Mtoto ambaye hawakumjua aligeuka ghafla kuwa mtu wao.

Huruma nayo huhitaji busara

Hapa ndipo habari yetu ingeweza kwenda vibaya, na inafaa tusimame kidogo tuelewe kwa nini.

Baada ya mawimbi, maelfu ya watoto wa Aceh walikuwa hawajulikani wana mzazi au la. Watu wa nchi nyingi, kwa machozi ya kweli, walitaka kuwachukua na kuwalea. Wakati huohuo palikuwa na hofu kwamba watu wabaya wangejificha ndani ya huruma hiyo na kuiba watoto kwa biashara. Kwa sababu hiyo, mapema Januari 2005, serikali ya Indonesia ilikataza watoto wa Aceh walio chini ya miaka 16 kutolewa nje ya jimbo bila idhini. Mashirika ya misaada nayo yaliandikisha watoto na kutafuta ndugu zao kambi kwa kambi.

Kazi hiyo ya polepole, ambayo haipigwi picha nyingi, ndiyo iliyokuwa wema mkubwa kuliko wote. Watoto wengi waliodhaniwa kuwa yatima waligunduliwa kuwa na baba, shangazi au bibi aliyekuwa akiwatafuta huku na huko. Hata Martunis alikuwa na watu wake. Baba yake alikuwa hai, na bibi yake pia. Walikutanishwa naye.

Je, ingekuwaje kama mtu tajiri angemchukua mtoto huyu siku ile ya kwanza na kuruka naye kwenda Ulaya? Angepata kitanda kizuri, chakula kizuri na midoli mingi. Lakini mtoto aliyekwisha kupoteza mama angepoteza pia baba, bibi, lugha na makaburi ya watu wake. Kuna wema wa namna hiyo, wenye mikono yenye nguvu kupita kiasi, unaovuta kile unachotaka kukiokoa mpaka kikang'oka mizizi.

Nyumba kwanza

Shirikisho la Mpira la Ureno lilichagua njia nyingine. Lilitoa yuro 40,000 ili familia ya mtoto yule ijengewe nyumba kule kule Aceh. Ebu tuitafakari zawadi hii. Nyumba haiwezi kumrudisha mama. Lakini inampa baba aliyefiwa mahali pa kumlaza mwanawe, na inampa bibi mahali pa kuweka jiko. Zawadi ilipitia mikononi mwa wazee wa mtoto, nao wakabaki kuwa walezi wake mbele ya macho yake na mbele ya jirani.

Kisha wakamkaribisha, yeye pamoja na baba yake, kama mgeni. Tarehe 4 Juni 2005 Ureno ilicheza na Slovakia katika mechi ya kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, katika Uwanja wa Luz mjini Lisbon. Martunis alikuwapo, akakutana na wachezaji aliokuwa akiwaona kwenye televisheni tu. Ureno ilishinda mabao mawili kwa bila. Baada ya hapo mtoto alirudi nyumbani kwao.

Mwaka huohuo Cristiano Ronaldo, aliyekuwa na umri wa miaka 20 na akichezea Manchester United, alisafiri mwenyewe hadi Aceh, akamtembelea mtoto yule na kusaidia kuchangisha fedha za kuujenga upya mji. Magazeti ya Indonesia yalianza kumwita Martunis "mwana wa kupanga wa Ronaldo". Lilikuwa jina la mapenzi tu. Mwenye kumwamsha asubuhi kwenda shule alikuwa si Ronaldo, bali watu wake wa nyumbani.

Kwa kawaida habari za namna hii huishia hapo. Kamera huzimwa, wakubwa hurudi makwao, na mtoto hubaki na picha ukutani. Wengi wetu tumewaona wageni wa namna hiyo hata katika vijiji vyetu. Lakini habari hii ilikuwa na sehemu ya pili, iliyokuja baada ya miaka kumi. Na ili tuielewe, lazima sasa tuuone mji wa Lisbon.

Mji unaojua msiba wa maji

Lisbon umejengwa juu ya vilima kando ya Mto Tejo, mahali mto unapoingia bahari ya Atlantiki. Njia zake ni za mawe na zenye miteremko mikali, na treni ndogo za umeme za rangi ya njano hupanda zikilialia kati ya nyumba. Nguo huanikwa madirishani mbele ya watu wote, jambo litakalomfanya mama mgeni ajione yuko nyumbani.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna habari ndefu na Wareno. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498, na nguzo yake iko huko mpaka leo. Wareno walijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa, wakatutawala kwa mizinga, na walipoondoka walituachia maneno kama meza na hiyo leso tuliyoitaja. Watu wa Aceh nao waliwajua Wareno kwa namna hiyohiyo. Baada ya Wareno kuiteka Malaka mwaka 1511, masultani wa Aceh walipigana nao kwa miaka mingi. Kwa hiyo jezi ile ya Ureno juu ya mwili wa mtoto wa Aceh ilikuwa imevuka uadui wa kale bila mtoto mwenyewe kujua.

Lakini kuna jambo jingine ambalo wageni wengi hawalitazamii. Lisbon nao uliwahi kupigwa na tetemeko na mawimbi ya bahari. Ilikuwa tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, asubuhi, makanisa yakiwa yamejaa waumini na mishumaa ikiwaka madhabahuni. Ardhi ilitetemeka, makanisa yakaanguka. Waliokimbilia ukingoni mwa mto ili waepuke mawe waliyaona maji yakirudi nyuma, kisha yakaja kwa kishindo. Mishumaa na meko yakawasha moto uliounguza mji kwa siku kadhaa. Makumi ya maelfu ya watu walikufa.

Ukipanda hadi mtaa wa Carmo utaona kanisa la watawa lililobomoka siku ile. Paa lake halikurudishwa kamwe. Matao ya mawe yamesimama wazi, na unapoinua macho unaona mbingu. Wenyeji wameliacha hivyo kama ukumbusho, na sehemu yake ni makumbusho ya vitu vya kale. Mtu aliyetoka Banda Aceh akisimama hapo hatahitaji mkalimani. Huku kanisa, kule msikiti. Huku Watakatifu Wote, kule siku ya pili ya Krismasi. Lakini kilio cha mama anayemtafuta mwanawe ni kilekile.

Klabu ya kijani na nyeupe

Lisbon una klabu mbili kubwa zenye ushindani wa jadi, kama Simba na Yanga kule Dar es Salaam au Gor Mahia na AFC Leopards kule Nairobi. Benfica huvaa nyekundu na alama yake ni tai. Sporting huvaa kijani na nyeupe, na alama yake ni simba. Sporting ilianzishwa mwaka 1906. Mashabiki wa pande hizi mbili wanaweza kuwa ndugu wa tumbo moja na wasikae meza moja siku ya mechi.

Mwanzoni mwa Julai 2015, Sporting ilipokuwa ikiadhimisha miaka 109, ukumbini aliitwa mgeni ambaye wengi hawakutazamia kumwona. Alikuwa Martunis, sasa kijana wa miaka 17. Rais wa klabu wakati huo, Bruno de Carvalho, alitangaza kwamba kijana huyo angejiunga na chuo cha vijana cha klabu ili aishi na kufanya mazoezi pamoja na wengine.

Wenye kujua mpira watatambua jambo la kuchekesha na la kupendeza. Jina lililokuwa kwenye jezi ile ya mwaka 2004 lilikuwa la Rui Costa, na Rui Costa alilelewa na Benfica, hata baadaye akawa rais wake. Uwanja wa Luz, ambako mtoto alikaribishwa mara ya kwanza, ni uwanja wa Benfica. Na klabu iliyokuja kumfungulia mlango miaka kumi baadaye ilikuwa Sporting, wapinzani wao! Fikiria Simba wakimkaribisha kambini kijana aliyepata umaarufu akiwa na jina la mchezaji wa Yanga mgongoni. Hakuna aliyeuliza jezi ile ilikuwa na jina la nani.

Chuo chenyewe kiko Alcochete, ng'ambo ya Mto Tejo, na kilifunguliwa mwaka 2002. Njia nzuri ya kufika huko kutoka Lisbon ni kupita Daraja la Vasco da Gama, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 12, lililofunguliwa mwaka 1998, miaka 500 baada ya safari ile iliyomfikisha Malindi. Chini yake maji ni mapana kama bahari, na ndege aina ya heroe husimama kwenye matope wakitafuta chakula. Alcochete ni mji mdogo wenye mashamba ya chumvi ya zamani. Vijana huishi katika mabweni, huenda shule na kufanya mazoezi kwa ratiba.

Sporting ina sifa kubwa katika kulea wachezaji. Luís Figo, aliyechaguliwa mchezaji bora wa Ulaya mwaka 2000, alitoka humo. Ronaldo naye alitoka humo. Alikuja Lisbon akiwa na miaka 12, akitokea kisiwa cha Madeira, akamwacha mama yake aliyekuwa akifanya kazi za jikoni na usafi ili watoto wale. Mwenyewe amesimulia mara nyingi jinsi alivyolia kwa kumkumbuka mama katika siku zile za kwanza. Mwaka 2020 klabu ilikipa chuo hicho jina la Cristiano Ronaldo. Bila shaka klabu iliyozoea kupokea watoto wanaolia usiku ilijua kwamba kumpokea kijana wa mbali si kumpa kitanda na mpira tu.

Alirudi nyumbani

Sasa mtauliza, je, Martunis akawa nyota? La, hakuwa. Alifanya mazoezi na vijana wa Sporting, akaonja maisha ya Ulaya, na baada ya muda akarudi Aceh. Hakuna kombe alilonyanyua.

Wapo watakaosema basi ilikuwa kazi bure. Mimi naona kinyume. Kama klabu ingemchukua kwa sababu ilitarajia faida, huo ungekuwa uchumi, na hakuna ubaya katika uchumi, lakini tusiuite wema. Klabu ilijua vizuri kwamba kijana anayeanza mafunzo ya juu akiwa na miaka 17 amechelewa sana mbele ya wenzake walioanza wakiwa na miaka minane au tisa. Ilimpa nafasi hata hivyo. Ilimkumbuka wakati dunia ilikwisha kumsahau, na haikumtaka alipe kwa magoli.

Tena, alipotaka kurudi, palikuwapo mahali pa kurudi. Kulikuwa na baba, kulikuwa na mji, kulikuwa na nyumba iliyojengwa mwaka ule wa kwanza. Aliyeijenga nyumba ile kwanza ndiye aliyeifanya safari ya Lisbon isiwe ya hatari. Kijana mwenye kwao anaweza kujaribu, akashindwa, na asiangamie.

Mizani ya mama

Ndugu zangu akina mama, habari hii inatufaa sisi zaidi ya tunavyodhani. Katika miji yetu wapo wavulana wengi wenye kipaji cha mpira, na siku hizi wapo hata wasichana. Wapo pia watu wanaopita mitaani wakiahidi kuwapeleka Ulaya au nchi za Kiarabu. Wazazi wameuza ng'ombe na viwanja ili kulipa "wakala", na mwana akaachwa peke yake katika mji wa ugenini bila klabu na bila nauli. Vivyo hivyo kwa wasichana wanaoahidiwa shule au kazi njema mbali.

Kwa hiyo, mtu akija nyumbani kwako na wema mkubwa kwa ajili ya mwanao, mshukuru, umkaribishe chai, kisha umpime kwa mizani hii.

Je, anazungumza nawe mzazi, au anamnong'oneza mtoto pembeni? Wareno walimwalika mtoto pamoja na baba yake.

Je, anaanza kwa kuimarisha nyumba yenu, au kwa kumtoa mtoto ndani yake?

Je, anadai fedha mbele? Klabu ya kweli inayomtaka kijana haimwombi mama yake auze ng'ombe.

Je, umri unaruhusu? Kanuni za shirikisho la dunia, FIFA, zinakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache maalumu. Martunis mwenyewe alipokwenda Sporting alikuwa amebakiza miezi tu afikishe umri huo. Mtu akikuambia atampeleka mwanao wa miaka 13 kuchezea klabu ya Ulaya, mwulize kwa kibali gani, na uombe karatasi uipeleke kwa chama cha mpira cha nchi yako.

Je, mwana ataweza kurudi bila aibu kama mambo hayakwenda vizuri? Hilo ni swali la kumjibu sisi wenyewe. Tumwambie kabla hajaondoka kwamba mlango wa nyumbani hautafungwa, hata akirudi mikono mitupu.

Mizani hiyo inatupima na sisi. Ni mara ngapi tumemsaidia mtoto wa jirani aliyefiwa kwa wiki moja ya msiba, tukabeba unga na mafuta, halafu hatukuuliza tena habari zake? Hatuna uwanja wala yuro 40,000. Lakini kila mmoja anaweza kuweka alama kwenye kalenda, na mwaka unapotimia akaenda tena kubisha hodi. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Tuongeze kwamba anayerudi dhiki ikiwa imekwisha kusahauliwa na wengine, huyo amekuwa ndugu.

Mawe ya shukrani

Ukipata nafasi ya kufika Banda Aceh, usiondoke kabla ya kuuona uwanja wa Blang Padang, karibu na jumba la makumbusho ya tsunami. Watu wa mji huenda hapo kukimbia, kutembea na kucheza mpira. Kuuzunguka uwanja yamepangwa mawe yenye umbo la ncha ya mashua, kila moja kwa ajili ya nchi iliyosaidia baada ya mawimbi, na juu yake yameandikwa maneno ya shukrani na ya amani kwa lugha ya nchi ile.

Amani ni neno lenye uzito huko. Kabla ya tsunami, Aceh ilikuwa vitani na serikali kwa karibu miaka 30. Tarehe 15 Agosti 2005, miezi minane tu baada ya mawimbi, pande zote mbili zilitia sahihi mapatano mjini Helsinki. Watu waliozika pamoja walichoka kuzikana kwa bunduki.

Jioni, jua linapolegea, vijana hucheza hapo katikati ya mawe hayo wakiwa na jezi za timu za mbali, nyingine kubwa kuliko miili yao. Mama zao wanawangoja nyumbani na maji ya kuwaogesha.